Chupa ya Kupisha

Honorine aliiosha chupa kwa sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria, akaisuuza, kisha akaianika juani pamoja na sahani. Toussaint, mdogo wa marehemu mume wake, alipoingia uani pale Kalundu, mjini Uvira, asubuhi hiyo, aliikuta inang'aa katikati ya vikombe kama nayo ilizaliwa jikoni.

"Shemeji," akasema, "karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya chupa. Jana ilikuwa na picha ya nyumba, na maandishi, na jina la shamba."

"Jana ilikuwa na utando wa buibui na ukungu mweusi. Unataka nipelekee wakwe kitu chenye kinaonekana kimetoka kaburini? Karatasi ilitoka na uchafu. Kunywa chai, tunachelewa."

Toussaint aliiinua. Ilikuwa imebaki pembe moja tu ya karatasi, imekwama karibu na kitako, na juu yake tarakimu: 1996. Hakuzitilia maanani. Akili yake ilikuwa kwenye jina la shamba, Domaine de Roquesauve, alilokuwa amelikariri wiki nzima. Sasa hapakuwa na kitu cha kulithibitisha isipokuwa mdomo wake mwenyewe.

Mdomo huo haukuwa mdogo. Kutoka Uvira hadi Sange, familia iliyotaka kuoa ilimwita Toussaint awe msemaji wake. Alijua kusimamisha ng'ombe mbele ya wakwe na kumweleza mpaka watu wakamwona upya: rangi yake, mama yake, zizi alilozaliwa, nani alimfuga kabla, kiangazi gani alikivuka. Mnyama asiye na asili hapokelewi. Kitu chochote kinachotolewa siku ya mahari lazima kiwe na kwao.

Lakini siku hiyo ng'ombe hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba Thierry, mtoto wa pili wa Honorine, alikuwa anaoa kabla ya kaka yake Cyprien. Katika ukoo wao, mdogo hamruki mkubwa hivi hivi. Mkubwa huja mwenyewe na kinywaji, anakiweka mbele ya wakwe, anasema: mdogo wangu apite. Hicho ndicho kinywaji cha kupisha. Kikikosekana, au wakwe wakikikataa, ndoa haifungwi, hata ng'ombe wakijaa uani. Na Cyprien alikuwa Ufaransa miaka mingi, hana mke, na karatasi zake za ukaazi bado hazikumruhusu kutoka na kurudi. Watu wa Sange, wakwe wenyewe, walikuwa wamesema wazi: kama hawezi kuja, basi mkono wake uje.

Mkono wake ulikuja ukiwa chupa moja ya divai, ikabebwa na sista mmoja aliyekuwa anarudi Bujumbura, ikavuka mpaka wa Gatumba ndani ya begi la sandarusi.

Chupa ilipofika, wiki moja kabla ya mahari, Toussaint alimpigia Cyprien kuuliza asili yake. Ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

"Baba mudogo, hapa ninafanya kazi ni pa zamani sana. Shamba iko na miaka mia sita."

"Chupa iko na miaka mia sita?"

"Hapana! Shamba. Watawa njo walipanda mizabibu ya kwanza."

"Basi ni divai ya Kanisa."

"Ilikuwa. Watu walipoangusha mfalme, watawa wakafukuzwa. Notaire moja, muntu wa kuandika mikataba, akanunua."

"Na mizabibu ya watawa njo hii?"

"Ile ilikufa yote. Kadudu kadogo kalikula mizizi, Ufaransa muzima. Wakaleta mizizi ya Amerika, wakaunganisha matawi ya Roquesauve juu yake."

Toussaint alihamishia simu sikio la pili. "Mutoto wangu, hii divai ni ya Amerika ao ya Ufaransa?"

"Ya Roquesauve, baba mudogo."

"Lakini miguu yake iko Amerika."

Cyprien alicheka. Nyuma yake kulisikika maji yakipigwa ndani ya kitu kikubwa kitupu, maana kazi yake ilikuwa kuosha mapipa. Akaendelea kueleza kwamba pale wanatengeneza divai nyeupe, ya kunywewa ingali changa, na nyekundu, inayolazwa gizani mpaka watu wanazeeka, na nyingine tamu, ya zabibu zilizoachwa mtini mpaka zishike ukungu.

"Ukungu?"

"Kwa makusudi. Njo wanaipenda kuliko zote."

Toussaint alikata simu akakaa akitazama ziwa. Pombe aliyoijua ilikuwa kasiksi, ya ndizi. Ukiikamua leo, keshokutwa ni tamu, wiki ikipita unaitupa. Ng'ombe akizeeka thamani inashuka. Nyumba ikizeeka inavuja. Sasa hiki kilikuwa kitu gani, kinachooza ndipo kinapendwa, kinazeeka ndipo kinaheshimiwa, mizizi bara lingine na jina bara lingine? Na yeye atakisimamisha vipi mbele ya watu wa Sange, wakulima wa mpunga wanaojua kila kitu kilitoka shamba gani?

Asubuhi ya mahari walipanda basi dogo kwenye stendi ya Mulongwe. Honorine aliipakata chupa ikiwa imefungwa ndani ya kitenge kipya. Barabara ya Sange ilifanya kazi yake ya kawaida, na kila walipoingia shimo Toussaint alisikia divai ikigonga kioo.

"Shemeji, Cyprien alisema isitikiswe."

"Ilikuwa na matope chini. Niliona pale juani. Nimeitikisa vizuri ichanganyike, kama dawa ya kikohozi. Sasa iko sawa."

Kwenye kiti cha nyuma Thierry alifunga macho. Kazi yake bandarini ilikuwa kuandikia watu matamko ya forodha, na alijua sura ya mzigo utakaorudishwa.

* * *

Uani kwa Ezéchiel, baba wa Louise, binti aliyeposwa na Thierry, walikuwa wamefunga turubai la kivuli na kupanga viti pande mbili. Baba wa binti hasemi siku hiyo. Alikaa katikati ya watu wake, mkono kwenye goti, akatazama. Aliyesema kwa niaba yake alikuwa Eugène, mume wa dada yake, mtu mrefu mwenye sauti ya kusomea matangazo kanisani na ulimi usiomwonea mtu huruma.

Ng'ombe walipita. Eugène alilalamika kwamba mmoja anatembea kama aliyekopeshwa miguu, Toussaint akajibu kwamba anatembea hivyo kwa sababu ya heshima, amewaona wakwe. Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri kama yalivyotakiwa kwenda.

"Sasa," Eugène akasema, "tumeona mdogo. Mkubwa wake iko wapi? Ao tunaoza binti kwa familia yenye watoto wanarukana kama mbuzi?"

"Mkubwa wake iko Ulaya," Toussaint akajibu, akasimama wima. "Lakini mkono wake uko hapa."

Honorine akafungua kitenge. Chupa ikawekwa mezani. Wote wakainama kuitazama.

"Iko uchi," akasema Eugène. "Haina hata jina. Inatoka zizi gani?"

Toussaint alianza. Alisema kuhusu kilima cha mawe kusini mwa Ufaransa, na watawa waliopanda mizabibu kwa mikono yao. Alisema mfalme aliangushwa na watawa wakafukuzwa. Alisema notaire aliyenunua shamba alikufa bila mtoto, likaenda kwa mpwa wake, na wakati wa mjukuu wa mpwa huyo kadudu kakala mizizi na mizabibu yote ikakauka. Alisema vita ikaja, wanaume wa nyumba hiyo wakaenda wasirudi, mjane mmoja akabaki anachuma peke yake na wanawake wa kijiji. Alisema vita nyingine ikaja, wakajenga ukuta wa uongo chini ya nyumba kuficha chupa, wakaupaka vumbi na kuleta buibui ili uonekane wa zamani. Kinywani mwa Cyprien maneno hayo yote yalikuwa yamesikika kama sifa. Sasa kadiri alivyosema, aliona nyuso za akina mama wa Sange zinafunga moja baada ya nyingine, na hakujua ni wapi alipopotea njia.

Eugène alimwachia nafasi mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Watawa wakafukuzwa. Notaire akakufa bila mutoto. Miti ikakauka. Wanaume wakaliwa na vita. Mujane akabaki. Bwana Toussaint, kwenye hiyo nyumba, kuna muntu alikulaka hata siku moja akashiba?"

Upande wa wageni wenyewe walicheka. Upande wa Louise hakucheka mtu.

"Iko nyumba ya heshima," Toussaint akasema. "Wanatengeneza hata divai ya zabibu zenye ukungu."

Alijua alipolisema kwamba halikuwa la kusemwa.

"Ukungu," Eugène akarudia. Akavaa miwani, akainua chupa, akaigeuza mwangani. Ndani mlikuwa mnaelea vitu vyeusi vidogo vidogo, vimechanganyika vizuri kama dawa ya kikohozi. Kidole chake kikasimama kwenye pembe ya karatasi. "Na hii namba? Elfu moja mia tisa tisini na sita. Ni nini?"

Alipoitamka tu, akaishusha chupa mezani. Pale Sange mtoto mdogo anaweza kuuliza mwaka huo ni nini, mtu mzima haulizi. Ni mwaka wa vita, mwaka wa kukimbia. Toussaint mwenyewe aliukimbia, godoro kichwani, njia ya Fizi, na bado alikuwa ameitazama karatasi ile tangu asubuhi bila kuona kitu, kwa sababu alikuwa anatafuta zizi.

Ezéchiel, ambaye hakutakiwa kusema, alisema.

"Mwaka ule nilizika kaka yangu kando ya barabara, bila sanduku, bila padri. Huo mwaka hauingie kwangu ndani ya chupa." Akasimama. "Ng'ombe zenu mutarudi nazo."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake kulikuwa na Louise, mama yake na mashangazi zake. Thierry alitazama mlango ule, akatazama baba yake mdogo. Toussaint alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya ng'ombe mwenye kigugumizi cha mguu, ya mahari pungufu, ya wakwe walevi. Jambo hili hata hakuelewa vizuri ni lipi.

"Mzee Ezéchiel, kaa kidogo," ikasema sauti ya mwanamke.

Honorine alikuwa amesimama kwenye mkeka wa akina mama. Mama wa mwoaji naye hasemi siku hiyo, lakini Honorine alisema kama anayeita watu waje kula.

"Mwaka ule mimi nilizaa. Njiani, karibu ya Swima, ndani ya mvua. Nguo ya kumufunga mutoto nilipewa na mwanamuke siyui hata jina lake. Huyo mutoto njo Cyprien. Hiyo namba si ya vita. Ni mwaka wake. Wazungu wa kule muntu akifanya kazi vizuri wanamupatiaka chupa ya mwaka wenye alizaliwa, njo walimupatia hii. Angekunywa mwenyewe. Aliituma hapa. Aliniambia: mama, napatia mdogo wangu mwaka wangu, apite."

Akakikunja kitenge kitupu. Kisha akakikunjua tena.

"Tangu chupa ifike niko nafikiri. Ile wiki sisi tunakimbia, kule watu walikuwa kwenye shamba na vikapu, wanachuma matunda, wanaimba labda. Wiki moja ileile. Minye siyui namna gani. Nafikiri, nashindwa. Nikaiosha."

Turubai lilipigwa na upepo wa bondeni. Toussaint alimwinamia shemeji yake.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Haukuuliza mwaka. Uliuliza zizi."

Ezéchiel hakukaa, lakini pia hakuondoka. Eugène alimtazama, akasubiri ishara, hakuipata. Basi akarudi kwenye utaratibu, kwa sababu utaratibu humsaidia mtu asiyejua la kufanya.

"Nani anaonja?"

Hilo kila mtu alilielewa. Kinywaji hakipokelewi kabla aliyekitoa hajakinywa mbele ya macho ya wote, ili ijulikane hakina sumu. Toussaint alinyoosha mkono, tena kwa haraka kidogo.

"Hapana," Eugène akasema. "Weye ni mdomo. Mdomo unasemaka tu, hautoi kitu. Tunataka mkono."

"Mkono uko Ufaransa."

"Basi aliyezaa mkono."

Watu wote waligeuka kumtazama Honorine. Yeye aligeuka kumtazama Mama Generose, mwanakwaya mwenzake, aliyeketi nyuma yake na sare ya kwaya. Katika kanisa lao pombe haiguswi, na Honorine alikuwa rais wa akina mama. Ni yeye aliyemsimamisha dada mmoja kwaya kwa ajili ya chupa moja ya bia ya Primus.

"Mama Generose," Honorine akasema, "angalia ile turubai, inavuja?"

Mama Generose aliinua macho akalitazama turubai kwa makini mno.

Kizibuo hakikuwepo Sange nzima. Thierry alikisukuma kizibo ndani kwa mpini wa kijiko, kizibo kikakatika, nusu ikatumbukia na makombo yakaelea. Kilichomiminika katika kikombe hakikuwa chekundu kama divai ya misa ya Wakatoliki. Kilikuwa na rangi ya tofali lililolowa. Honorine alikitazama, akatoa kipande cha kizibo kwa kidole, akanywa.

Walimsubiri.

"Iko aje?" akauliza Eugène.

"Siyui."

"Siyui namna gani? Ni mubaya?"

"Hapana."

"Ni muzuri?"

"Siwezi kusema muzuri." Akakunja uso. "Si tamu. Si chungu. Unajua nyumba yenye ilifungwa miaka, halafu unarudi, unafungua mlango? Ile harufu ya kwanza. Ngoja." Akanywa tena. Mama Generose akakohoa akiwa bado analitazama turubai. "Siyui," Honorine akasema, akampa Eugène kikombe.

Eugène alikunywa kidogo akijiandaa kusema kitu cha kuchekesha. Hakukisema. Aliuzungusha ulimi, akatazama ndani ya kikombe, akatazama chupa, akabaki kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua. Akampelekea shemeji yake.

Ezéchiel alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikinusa muda mrefu.

"Kaka yangu njo alikuwa mkubwa wangu," alisema, si kwa sauti ya kusemesha watu. "Nilioa vita ilipoisha. Hakuna aliyenipisha. Niliweka kasiksi mwenyewe mbele ya wakwe, nikanyamaza, na wao wakanyamaza. Mpaka leo mke wangu akigombana na mimi, nafikiri ni ile."

Kutoka nyuma ya mlango ilisikika sauti ya mke wake: "Ni mdomo wako, si ile!" Mashangazi wakacheka, wakanyamazishana.

Ezéchiel hakugeuka. "Huyu wenu iko muzima. Ametuma mwaka wake. Wangu alibaki na wake barabarani." Akanywa kikombe chote, makombo na vyote, akafuta mdomo. Uso wake haukuonyesha raha wala karaha. "Siyui hii ni kitu gani," akasema. "Mulete mutoto."

Vigelegele vikatoka ndani kabla Louise mwenyewe hajatoka.

Chupa ilizungushwa. Kila aliyeonja alimtazama jirani yake aone kama yeye amejua. Mmoja alisema iko kama tumbaku, mwingine kama ngozi ya mbuzi, mwingine akaomba Fanta ya kuchanganyia, akakatazwa bila mtu kujua kwa nini amekatazwa. Toussaint alipewa ya mwisho, masalio meusi ya chini. Alikuwa bado ameyashika mdomoni, akiyatafuta, simu ilipolia.

"Baba mudogo! Imekuwa aje?"

Akameza. "Wamekubali. Louise iko hapa na Thierry, wanacheza."

Upande wa pili maji ya mapipa yalifungwa. Kisha Cyprien akapumua kwa nguvu.

"Asante, baba mudogo. Na ukuta wa buibui uliwaambia? Walipenda?"

"Walisikia vizuri."

"Mulisimamisha chupa bila kuitikisa? Matope yalibaki chini?"

Toussaint alitazama kitako cha kikombe chake. "Matope tuliyaona."

"Na divai yenyewe? Minye sijawahi kuionja ya mwaka ule. Niambie tu, iko aje?"

Msemaji wa Uvira na Sange alifungua mdomo. Ladha ilikuwa bado pale, ulimini, inakuja na kuondoka. Alijaribu kusema mvua. Alijaribu godoro lililolowa. Alijaribu vikapu vya watu wasiomjua, wanachuma.

"Ngoja," akasema. "Nakupatia mama yako."